Mjamaa Nyuma ya Pazia

Mwaka ule tuliamua kuibadilisha dunia, tukaanza na chumba chetu cha International City, Dubai, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Tulikuwa wanaume sita kwenye vitanda vitatu vya ghorofa, na dirisha moja linalotazama mgongo wa jengo jingine. Dunia mpya ilidumu wiki saba. Nimesoma baadaye kwamba watu wenye mashamba na viwanda vyao walijaribu jambo hilohilo zamani, na wengine hawakufikisha miaka mitatu. Kwa hiyo sisi si wa kuchekwa sana.

Naandika polepole. Niliishia darasa la nane, na hata huko mwalimu alikuwa akifuta ubao mimi nikiwa kwenye mstari wa pili. Herufi zangu nazichora. Kila moja naisimamisha vizuri, naitazama, ndipo naita nyingine. Kusema nako nasema polepole, na mbele ya watu zaidi ya wawili sisemi kabisa. Maneno huja yote kwa pamoja mlangoni, yanakwama, yanarudi ndani.

Ndiyo maana nilikuwa na pazia.

Nilifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Al Rigga, nikikunja mashuka. Siku moja pasi iliunguza pazia la chumba cha mgeni, zito, la rangi ya kahawa, la kuzuia mwanga. Madam aliyetusimamia, Mfilipino, alilitupa mikononi mwangu akasema, "Take, khalas," yaani chukua, yaishe. Nililipeleka nyumbani kwa basi nikiwa nimelikumbatia kama mtoto mgonjwa. Kitanda changu kilikuwa cha chini, pembeni. Nilifunga kamba, nikalitundika, alama ya pasi ikiwa upande wa ndani, na kwa mara ya kwanza tangu nitue Dubai nilikaa mahali ambapo hakuna anayeniona. Humo ndani nilikuwa na taa ndogo, daftari, pakiti ya biskuti, na maneno. Nyuma ya pazia mimi ni mtu msemaji sana. Nimewajibu wakubwa wangu wote nikiwa humo, na wamenyamaza.

Dunia mpya aliileta mwenzetu Mtanzania, mtu wa Singida, dereva wa foklifti kwenye ghala moja kule Freezone ya uwanja wa ndege. Tulimwita Mwenyekiti hata kabla hajawa na cha kukalia, kwa sababu alikuwa mtu wa kusema "ndugu zangu" kabla ya kuomba chumvi. Marehemu baba yake alikuwa amefundisha siasa katika chuo fulani, enzi zao za vijiji vya ujamaa, na alimwachia kijitabu kisicho na jalada, kilichopigwa kwa taipureta, chenye alama za vikombe vya chai. Kilihusu wajamaa wa mwanzo kabisa wa Ulaya, wale waliotangulia kabla hawajaja wenye ndevu na hasira. Hawa wa mwanzo hawakutaka kumpindua mtu. Walitaka kujenga kijiji kimoja kizuri mahali fulani, dunia ije ikione, ione haya, iige.

Alitusomea mwanzo wake Ijumaa moja, sisi tukiwa tunakula wali. Alitusomea habari za bwana mmoja mwenye kiwanda cha nyuzi aliyewajengea wafanyakazi wake shule, kisha akavuka bahari akaanzisha kijiji cha usawa kwa mali yake. Na habari za Mfaransa mmoja, karani wa biashara, asiye na mke, aliyechora jumba kubwa la watu wa kila aina kuishi pamoja. Katika jumba hilo kila mtu angefanya kazi anayoipenda tu, akiichoka anahamia nyingine. Takataka zingezolewa na watoto, kwa sababu watoto wanapenda uchafu. Na dunia nzima ikishaishi hivyo, maji ya bahari yangegeuka kuwa kitu kama juisi ya limau.

"Ngoja, ngoja," alisema mlinzi. Huyu alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu wa miraba minne, askari wa jengo la ofisi, kazi yake kutazama kamera. "Bahari gani? Hii yetu?"

"Bahari zote, ndugu yangu."

"Na samaki je, buda? Watakuwa wanakuja tayari wametiwa ndimu?"

"Usikimbilie kucheka. Mtu huyu alikuwa na imani. Imeandikwa hapa kwamba alitangaza anatafuta tajiri wa kumjengea jumba, na kila siku adhuhuri alirudi nyumbani kumngoja. Miaka mingi. Hakuna aliyekuja."

Mlinzi aliweka kijiko chini. "Basi huyo ni mtu wa Dubai kabisa. Alikuwa anangoja arbab, bosi wa kumlipia."

Tulicheka mpaka chumba cha pili wakagonga ukuta. Lakini Mwenyekiti hakukasirika. Alituambia sisi tuna kila walichokuwa nacho wale: tuna jumba, tuna watu wa kila aina, na hatuhitaji tajiri. Sijui ni wali au ni uchovu wa wiki, ila kufikia saa kumi na nusu tulikuwa tumekuwa jumuiya.

Wanajumuiya walikuwa hawa. Mwenyekiti. Mlinzi. Mhudumu wa mkahawa, Mkenya mwingine, kijana mtanashati aliyejipulizia manukato hata akienda kutupa taka. Mganda mmoja aliyeajiriwa na kampuni ya usafi, mtu mpole mwenye Kiswahili cha kukata kwa panga. Mimi. Na wa sita, mwoka mikate, mtu wa Pwani, ambaye kusema kweli hatukumjua. Alifanya kazi zamu ambayo alipokuwa macho sisi hatupo, na tulipokuwepo alikuwa amelala kitanda cha juu nyuma ya pazia lake, mkono mmoja ukining'inia nje. Mwenyekiti alipoita kura ya kuanzisha jumuiya aliutazama mkono ule, akasema, "Na ndugu yetu pia," akauhesabu. Tangu siku hiyo mwoka mikate alipiga kura katika kila mkutano, na kila mara aliunga mkono.

Mwenyekiti alitaka katiba. Watu wengine wakianzisha kitu hununua soda. Mtanzania huanza na maandishi. Alikata boksi la friji lililokuwa kwenye ngazi, akalibandika ukutani jikoni, akatangaza kanuni ya kwanza: hakuna kanuni yenye nguvu mpaka iandikwe ubaoni kwa wino, na kilichoandikwa hakifutwi. Kisha akatafuta wa kuandika. Mlinzi mwandiko wake ulikuwa kama kuku waliofukuzwa. Mhudumu aliandika kwa vifupi vya simu. Nilipoandika jina la mtaa wetu kwenye karatasi ya majaribio walilipitisha mkono kwa mkono.

"Banange," alisema Mganda. "Huyu kijana anaandika kama Biblia."

Hivyo nikawa Katibu, cheo cha kwanza na cha mwisho maishani mwangu, na nikakabidhiwa kalamu ya wino mzito pamoja na kijitabu, nipate kunakili humo maneno mazuri ya utangulizi.

Kanuni ya pili ilisema kila mtu afanye kazi aipendayo. Jumamosi ile watu watatu walipenda kupika. Kulikuwa na moto mmoja unaofanya kazi na sufuria mbili za ugali zikipishana juu yake kama magari kwenye mzunguko. Mhudumu alipenda kuonja. Mlinzi, baada ya kutafakari, aligundua kwamba anapenda kusimamia. Kuosha choo hakukuwa na mpenzi.

"Wewe si ndiyo fani yako?" mhudumu alimwambia Mganda.

"Ssebo, mimi naosha choo za watu tangu asubuhi mpaka jioni. Kitabu kinasema kitu unapenda. Mimi napenda pika."

"Kitabu kinasema watoto," mlinzi alisema. "Mwenyekiti, watoto wako wapi? Si uwalete wa kwako kutoka Singida?"

Mwenyekiti alisema Mfaransa alikuwa anazungumza kwa kanuni tu. Akaenda akakiosha mwenyewe, wiki ya kwanza, ya pili, na ya tatu, akiimba nyimbo za vijana wa chama za zamani ili tuone kwamba anapenda.

Kanuni ya nne ilifanya vitu vya mwilini kuwa vya wote: sabuni, mafuta, viatu, manukato. Manukato ya mhudumu yaliisha kwa siku tatu. Siku hizo tatu mtu yeyote aliyetoka kwetu, awe anaenda ghalani au kuzoa taka, alinukia kama bwana harusi yuleyule, na msimamizi wa mlinzi alimwuliza kama ana mpango wa kuacha kazi aoe. Viatu navyo vilizunguka. Nilikwenda Al Rigga siku moja na viatu vya mlinzi, nikawa naviburuta kama majahazi mawili, na madam akaniuliza kama nimekonda miguu.

Nisidanganye, kulikuwa na raha yake. Siku yetu ya mapumziko mimi na Mganda tulipanda mabasi mawili mpaka ufukwe wa Al Mamzar. Alikunja suruali, akaingia mpaka magotini, akachovya kidole, akakilamba, akakaa kidogo akifikiri.

"Bado," alisema.

Alifanya hivyo kwa uso mkavu kiasi kwamba mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Wiki ya tano Mwenyekiti alileta kanuni ya sita.

"Ndugu zangu," alisema, amesimama mlangoni kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi, "tumeunganisha sufuria. Tumeunganisha viatu. Lakini nikilala nikitazama chumba hiki naona nini? Naona vijumba sita. Kila mtu na uzio wake. Huwezi kuwa mjamaa nyuma ya pazia. Napendekeza: pazia la kitanda limepigwa marufuku." Na hapohapo, ili atangulie kwa mfano, akavuta la kwake, shuka la buluu, likashuka na misumari yake.

Mlinzi alipiga makofi. "Hapo umesema! Mimi kazi yangu ni kuona. Nikiona pazia limefungwa siwezi kutulia. Kuna mtu humu ndani anakula biskuti. Nasikia karatasi."

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye vile viatu vya watu nilivyokuwa nimevaa.

"Wanaounga mkono?"

Mlinzi alinyoosha. Mhudumu alinyoosha, kitanda chake kilikuwa cha juu, karibu na kiyoyozi, na alisema pazia linamzuia kujiona kwenye kioo. Mganda alinyoosha kwa sababu ya joto. Mkono wa mwoka mikate ulining'inia. Kisha wote wakanitazama mimi, macho manane, na mimi macho yakinitazama siwezi. Nilinyoosha mkono. Nililipigia kura ya kifo pazia langu mwenyewe ili waache kuniangalia.

"Kwa kauli moja," alisema Mwenyekiti. "Katibu, andika."

Nikachukua kalamu, nikaenda ubaoni jikoni, wakanifuata. Na hapo, nikiwa nimewapa mgongo, nilikumbuka kanuni ya kwanza, kwamba jambo halina nguvu mpaka liandikwe. Mkono wangu, ambao walimu waliupiga kwa rula miaka minane ili uende haraka, ulijua la kufanya kabla yangu.

Niliandika "Kanuni ya Sita". Nikaipigia mstari. Mstari ukaenda upogo kidogo, nikauongeza unene. Nikaandika "P". Nikarudi nyuma kuitazama.

"Bado hujamaliza?" aliuliza mhudumu, ameshika kitasa. "Yalla, mimi basi linaniacha."

"Kazi nzuri haitaki haraka," alisema Mwenyekiti, ambaye aliipenda katiba yake kuliko alivyotupenda sisi.

Kufikia mwisho wa juma ubao ulisomeka "Pazia". Juma la pili niliongeza "la". Nilisema wino umekauka. Nilisema nimeumia kidole kwenye mashine ya kukamua. Nilisema sitaki kuharibu. Mlinzi alianza kupita jikoni kila asubuhi akitoka zamu, anasimama mbele ya ubao kama anakagua gari.

"Kijana, hii 'la' uliiandika lini?"

"Jumanne."

"Na leo ni?"

"Alhamisi."

"Sasa wewe hata ukipewa wosia uandike, si mwenyewe atakufa, azikwe, aoze, bado uko kwenye 'Mimi'?"

Nilitabasamu na kuinama, nikarudi kwenye pazia langu ambalo kisheria lilikuwa bado hai, nikamjibu huko vizuri sana.

Humo ndani nilikuwa nasoma kijitabu. Nilikuwa nimepewa ninakili utangulizi tu, lakini sijui kusoma kwa kuruka. Ukurasa mmoja kwa siku, siku ya mapumziko miwili, kidole chini ya mstari. Hivyo nikasoma mambo ambayo hakuna aliyetusomea. Nilisoma kwamba kile kijiji cha bwana wa nyuzi kilijaa wasemaji, na wa kushika jembe hawakutosha, nikamfikiria mlinzi. Nilisoma habari za simba wema ambao Mfaransa alisema watatokea siku moja wabebe watu mgongoni mpaka mji mwingine kabla ya chakula cha mchana, nikafikiria basi letu. Na kwenye ukurasa wa hamsini na tatu, uliokuwa na duara la chai katikati, nilisoma ramani ya lile jumba: kumbi za kulia za wote, karakana za wote, baraza refu la kutembelea watu wasilowe mvua. Na vyumba. Kila mtu na chumba chake, wa hali ya juu na wa hali ya chini, na kila chumba kina mlango wake.

Niliusoma mstari ule mara nne. Mlango wake.

Ningetoka mbio nipige kelele. Nililala chini nikakitazama kitanda cha juu. Kulijua jambo ni kitu kimoja. Kusimama mbele ya watu watano ulitaje, hilo ni la watu wengine.

Alhamisi ya juma lililofuata, ubao ukiwa umefika "kitanda", yapata saa saba mchana, nilikuwa nimepumzika, Mwenyekiti naye alikuwa na zamu ya jioni. Mlinzi alikuwa kitandani anakula chungwa. Mhudumu alikuwa anapiga pasi akiwa na chupi tu. Simu ya Mwenyekiti ililia, ya picha, mke wake wa Singida, na kwa kuwa hakuwa na pazia alijibu palepale alipokaa.

"Shemeji!" mlinzi aliita kutoka ng'ambo ya chumba. "Habari za huko? Mbona unaonekana umenuna?"

"Nani huyo?" ilisema simu. "Na huyo anayepita uchi ni nani? Baba Fulani, unaishi wapi wewe?"

"Ni ndugu zetu, mama. Ni jumuiya."

"Mimi nataka kuongea na wewe. Nina jambo. Siwezi kuongea na jumuiya."

Simu ilikatika. Mwenyekiti alikaa kidogo ameishika. Alitazama mlangoni, lakini kwenye korido walikuwa wamejaa watu wa chumba cha pili na nguo zao mbichi, na nje jua la Agosti lilikuwa linapika. Akaja akasimama mbele ya kitanda changu. Niliona vidole vya miguu yake chini ya pazia.

"Hodi," alisema, kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyewahi kunipigia hodi Dubai. Ilinichukua muda kukumbuka inavyojibiwa.

"Karibu."

"Mdogo wangu," alisema, hakuniita Katibu, "naomba nikae humo kwako dakika kumi."

Nilitoka, akaingia. Nilikwenda jikoni nikafungua bomba la maji ili nisisikie, lakini katikati ya maji nilisikia sauti nisiyoijua, sauti isiyokuwa na "ndugu zangu" ndani yake, inayosema tu pole, pole, najua, pole. Haikuwa dakika kumi. Alikaa humo karibu saa nzima. Jambo lenyewe lilikuwa nini sikuliuliza, na sitalijua.

Alipotoka kunifuata jikoni, macho yake yalikuwa mekundu. Mkononi alikuwa na kijitabu cha baba yake, kidole kikiwa katikati ya kurasa.

"Umefika ukurasa gani?" aliniuliza.

"Hamsini na tatu."

Alichomoa kidole kurasani. Kisha akasema, akitazama ubao na si mimi, "Mimi niliishia ishirini. Mzee alinipa nikiwa kijana. Nilidhani nitakimaliza." Akanirudishia, akaenda kazini.

Ijumaa saa kumi tulikutana. Nilidhani Mwenyekiti atalimaliza yeye. Lakini mtu akishawavulia watu pazia kwa mkono wake mwenyewe, kurudi nyuma mbele yao si rahisi. Alifungua mkutano, akakohoa, akazungumzia sabuni. Mlinzi hakumwacha afike mbali.

"Wacha sabuni, Mwenyekiti. Tumeona ubao. 'Pazia la kitanda'. Pazia la kitanda limefanya nini? Limekwenda sokoni? Leo kijana anamaliza mbele yetu au mimi nalimaliza kwa makucha." Na alikuwa amenyoosha mkono ameshika pindo la pazia langu, pale kwenye alama ya pasi.

Sijui ni nini kilinisimamisha. Nadhani ni kuuona ule mkono mahali ambapo jana yake Mwenyekiti alipiga hodi.

"Kitabu," nilisema.

"Nini?"

"Kitabu kinasema."

Nikakifungua ukurasa wa hamsini na tatu, nikaanza kusoma kwa sauti. Nilianza juu kabisa ya ukurasa kwa sababu sijui kuanzia katikati. Nilisoma kama ninavyosoma, neno, pumzi, neno. Penye duara la chai maandishi yalififia, nikawa nasogea dirishani, narudia. Tulipofika kwenye baraza la kutembelea mhudumu alisema wallahi basi linamwacha, akachukua viatu, vya Mganda, akaondoka. Nilikuwa bado sijaanza karakana. Mlinzi aliachia pazia akakaa chini. Mganda alisikiliza kwa mdomo wazi kama mtoto anayesimuliwa hadithi. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye kurasa. Sikuinua macho hata mara moja, maana ningeinua ningenyamaza milele.

"... na kila mmoja," nilisoma, "wa hali... ya juu... na wa hali ya chini... atakuwa na chumba... chake... na mlango wake."

Mikutano yetu yote ilikuwa ya nusu saa. Huu ulikuwa umefika saa kumi na moja, na saa kumi na moja ndipo iliyokuwa ikilia kengele ya simu ya mwoka mikate. Ililia. Ule mkono uliotupigia kura wiki saba ulipanda, ukajikuna, ukavuta pazia, na kichwa kikatoka, chenye mvi kidogo na alama ya mto shavuni. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona usoni hata siku moja.

"Nyinyi," alisema, "hii madrasa yenu ya kila Ijumaa ni ya nini?"

"Ndugu yetu," alisema Mwenyekiti, "ni jumuiya. Wewe ni mwanachama."

"Mie?"

"Tangu mwanzo. Umeunga mkono kanuni zote. Na hii ya kuondoa mapazia uliipigia kura."

Mtu wa Pwani alitutazama mmoja mmoja, taratibu, kama anayehesabu mikate iliyoungua. "Mapazia? Mie nikalipigia kura pazia langu? Lini?"

"Ulikuwa umelala," alisema Mganda, ambaye hakujua kusema uongo.

"Basi sikilizeni. Atakayeligusa, nitamkanda yeye badala ya unga." Akalifunga. Sauti ikaendelea kutoka nyuma yake. "Na nani kavaa kandambili zangu mwezi mzima?"

Ilikuwa ni mlinzi. Alizivua polepole, akazipanga chini ya ngazi ya kitanda, zikitazama nje.

Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni, kichwa chini. Nilimwona akihema kama mtu aliyeshushiwa gunia. "Ndugu zangu," alisema, "kitabu kimezungumza, na mwenye mkono wake amekuja kuuchukua. Katibu. Malizia sentensi. Kama kitabu."

"Si tulikubaliana kilichoandikwa hakifutwi?" mlinzi alijaribu. "'Pazia la kitanda' iko pale."

"Hatufuti. Anamalizia."

Nilikwenda jikoni na kalamu. Wakanifuata, wakasimama nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza sikuchelewesha kwa makusudi. Hata hivyo ilichukua muda, maana nilitaka ikae vizuri. Niliandika: *ni mlango. Mtu apige hodi.*

Jumuiya ilikufa wiki ileile, bila matanga. Mhudumu alirudi na viatu vya Mganda vimepasuka, Mganda akasema hapendi tena kupika, na choo kikarudi kwenye zamu za kawaida kwa ukali wa mwoka mikate, ambaye alipojua ana jumuiya aliitawala kama mfalme. Ubao ulibaki. Mvuke na mafuta vilizila kanuni moja baada ya nyingine kuanzia ya kwanza, iliyokuwa karibu na moto. Ya sita ilikuwa chini kabisa, na wino wake ulikuwa mzito kuliko wa zote kwa kuwa nilikuwa nimeupitia siku nyingi.

Hiyo ndiyo iliyoshikwa. Mlinzi mwenyewe, akitaka kuazima chaja, husimama mbele ya pazia langu na mwili wake wote ule, akasema hodi kwa sauti ya askari anayeomba kitambulisho. Mwenyekiti alinunua shuka jipya la buluu, lakini mke wake akipiga, huja kwangu. Anasema kwake sauti inapenya.

Naviona vidole vya miguu yake chini ya pazia. Naweka kalamu. Namalizia herufi niliyokuwa nayo, kama ni ya kumalizia, nafunika biskuti, ndipo namwambia karibu. Yeye hungoja. Ameshanizoea.